Samaki wa vizimba wamekufa usiku mmoja, hii ni sumu au maji yamekosa hewa?

Sato_Mnene:

Wakuu habari zenu, naomba niende moja kwa moja maana hata usingizi sina. Nina vizimba vya sato ziwani huku upande wa Mwanza, ni vya kikundi, tumechangishana wenyewe. Juzi tumeamka alfajiri tunakuta samaki wameelea matumbo juu, wale wakubwa tuliokuwa tunawasubirisha wiki mbili tatu tuwauze ndo wameisha karibu wote, vifaranga vya kizimba cha pembeni vimepona ingawa navyo tulivikuta juu kabisa vinadonoa donoa maji midomo wazi. Jioni yake maji yalikuwa kijani kizito, usiku ukavuma upepo wa hatari, asubuhi kuna harufu ya yai viza eneo zima.

Sasa huku mwaloni, tunakoshushia samaki, maneno ni mengi. Wengine wanasema kuna kiwanda kinafunguliaga maji yake machafu usiku, wengine wanasema wavuvi haramu wamemwaga sumu, kuna mzee yeye kasema tu "maji yamegeuka" akaendelea kushona nyavu zake. Afisa uvuvi kapita kaangalia dakika chache kaniambia ni oksijeni. Nikabaki namwangalia tu, maana nilikumbuka ile ya mto Mara mwaka 2022, maji yamekuwa meusi, samaki wamekufa, serikali imepiga marufuku watu kutumia maji na kuvua, alaf kamati ikaja na majibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Tulicheka nchi nzima.

Kwaiyo swali langu kwa wanaojua: hivi kweli uchafu tu wa kawaida, samadi sijui majani, unaweza kuua samaki wengi hivyo bila sumu yoyote? Na mtu wa kawaida asiye na maabara anatofautishaje samaki aliyekufa kwa sumu na aliyekosa hewa?

kijana_wa_Buzuruga:

Pole sana mkuu. Ila ng'ombe wa Mara wamefika mpaka Mwanza 😂😂 hawa ng'ombe washtakiwe. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Mdau_wa_Maji:

Pole ndugu Sato. Nimefanya kazi za ubora wa maji miaka mingi, ngoja nijibu kwa urefu kidogo, na wale wanaocheka wacheke tu ila wasome mpaka mwisho.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, tena uchafu wa kawaida unaua samaki wengi pengine kuliko hizo sumu watu wanazoziwaza. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yana kidogo sana. Lita moja ya maji ya huku kwetu ikijaa oksijeni kabisa ina kama miligramu 7 hadi 8 tu, wakati lita moja ya hewa unayovuta wewe ina zaidi ya mara 30 ya hiyo. Sasa ukimwaga ndani ya maji kitu chochote kinachooza, iwe samadi, damu ya machinjioni, majitaka ya vyoo, makapi ya kiwanda cha sukari, matumbo ya samaki, hata maziwa yaliyochacha, bakteria wanashangilia. Wanakula wanazaliana, na wao pia wanatumia oksijeni. Ikishuka chini ya miligramu 3 sato anaanza kuteseka anapanda juu, ikifika 1 au chini ya hapo na ikakaa masaa, umekwisha. Hakuna aliyemwagiwa sumu hapo, wamenyimwa pumzi tu.

Na hiyo ya Mara, naomba niseme kitu ambacho hakitapendwa. Kabla hata ya hiyo 2022, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wao wa mto huohuo wa Mara upande wa Kenya, na waliyemkuta na hatia ni KIBOKO. Kule kuna viboko zaidi ya 4,000, wanakula majani usiku nchi kavu, mchana wanashinda kwenye madimbwi ya mto wanajisaidia humo, kwa siku ni zaidi ya tani 8 za kinyesi ukikipima kikiwa kikavu. Kiangazi mto ukipungua kinyesi kinalala chini ya madimbwi kinaoza hakina hewa. Ikinyesha mvua kubwa huko juu mto unafagia yale maji meusi yote kwa mpigo yanashuka, na samaki wa huko mto unakoshukia wanakufa. Walishuhudia hivyo mara kadhaa. Kwaiyo kinyesi kuua samaki wa mto ni sayansi ya kawaida kabisa, kama ni kweli ndicho kilichotokea 2022 hilo ni suala jingine, lakini kucheka eti "kinyesi hakiwezi" hapo tulichemka wengi.

Sasa ziwani kwako. Ziwa Victoria siku za jua na upepo mdogo linajipanga kwa matabaka, maji ya moto juu, ya baridi chini, hayachanganyiki. Juu kuna mwani, na mwani wetu sasa ni mwingi kwa sababu mbolea za mashamba, majitaka ya miji, udongo unaomomonyoka, na hata vumbi na moshi wa kuchoma mapori unaodondoka na mvua, vyote vinaleta fosforasi, ambayo ni mbolea ya mwani. Hiyo ya moshi watu hawaiamini ila ni sehemu kubwa kweli. Mwani ukifa unazama, unaoza chini, unamaliza oksijeni ya tabaka la chini. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kuna miezi hadi nusu ya sakafu ya ziwa zima inakuwa haina oksijeni ya kutosha kwa samaki. Upepo mkali ukija unasukuma maji ya juu upande mmoja, ya chini yanapanda upande wa pili, na yanapanda na gesi yake yenye harufu ya yai viza. Samaki wa ziwani mwenye mapezi yake huru anakimbia. Wako wamefungiwa.

Alaf kuna kitu cha usiku. Mwani mchana unatoa oksijeni, usiku unavuta kama sisi wote. Maji ya kijani kizito yanakuwa na oksijeni nyingi ajabu saa nane mchana na karibu hakuna kabisa saa kumi na moja alfajiri. Ukipima mchana utasema maji mazuri.

Hivyo yule mzee wa "maji yamegeuka" na afisa uvuvi wamesema kitu kimoja.

Ngurumo77:

Mdau_wa_Maji heshima yako, umeeleza vizuri, lakini mimi hii habari ya oksijeni inanikera na nitasema kwanini. Hii ndo kichaka cha kila mtu. Samaki wakifa, "oksijeni". Kiwanda kikishtakiwa, "oksijeni". Hata binadamu akipigwa risasi mwisho wa siku ubongo unakosa oksijeni, utaandika hivyo kwenye cheti cha kifo?

Sumu zipo wakuu tusidanganyane. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, nchi zote tatu, kwa sababu watu walikuwa wanavua kwa kumwaga dawa za kuulia wadudu. Viwanda vya minofu vilisimama, watu walikosa kazi, mi nilikuwa mdogo ila nakumbuka sangara walivyoshuka bei. Na huko huko mkoani Mara mwaka 2009 maji ya tindikali yalivuja mgodini yakaingia mto Tigithe, hilo halikuwa ng'ombe wala kiboko. Kwaiyo wananchi wakiambiwa kinyesi wakacheka, hawacheki kwa ujinga, wanacheka kwa sababu wana kumbukumbu.

Mdau_wa_Maji:

Ngurumo77 nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Oksijeni ni namna samaki alivyokufa, haikwambii nani kasababisha. Kiwanda kinachomwaga makapi yasiyosafishwa kinaua kwa njia hiyohiyo ya samadi, na kuna kipimo chake maabara kinaitwa BOD, unachukua maji unayaweka gizani siku 5 unaangalia oksijeni kiasi gani imeliwa. Ndo maana mtu akisema "siyo sumu ni oksijeni tu" alaf akafunga faili, hajamaliza kazi. Swali linalofuata ni hicho kilichooza kimetoka wapi na kwa kiasi gani.

Kutofautisha bila maabara inawezekana kwa kiasi, Sato angalia haya. Wakikosa hewa wanaanza kufa wakubwa, maana wanahitaji oksijeni nyingi na hawawezi kuishi kwa kudonoa yale maji ya juu kabisa yanayogusana na hewa, vifaranga vinaweza. Wanakufa alfajiri. Wanakufa midomo wazi na mashavu yametanuka. Na kambare na kamongo wanabaki wazima kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Ila ikiwa sumu ya wadudu, haichagui ukubwa, mara nyingi vidogo ndo vinatangulia, inaua na wale wadudu wa majini na uduvi, kambare naye anakwenda, inatokea saa yoyote hata mchana wa jua kali, na samaki unawaona wanazunguka kama wamelewa wanatetemeka kabla ya kufa. Ukikuta konokono na mabuu ya wadudu yako hai pembeni lakini sato wakubwa wamekufa, hiyo haielekei kuwa dawa ya wadudu.

Zebaki ya wachimbaji wadogo ni hadithi nyingine, hiyo haiui samaki wengi ndani ya usiku mmoja. Inaingia kwenye tope, wadudu wanaila kidogo kidogo, dagaa anakula wadudu, sangara anakula dagaa, inajikusanya kadri unavyopanda. Sangara mkubwa aliyezeeka anaibeba kuliko dagaa, na yeye anaonekana mzima na mnono.

Babu_Ngalawa:

Wanangu mie sikusoma ila nimevua ziwa hili tangu nyavu za pamba. Zamani kabla sangara hajajaa, ukitupa jiwe unaliona linavyokwenda chini mpaka unachoka kulitazama. Sasa hivi kasia tu ukiliingiza ncha huioni. Sangara mnajua ndio mwoga wa maji mabaya kuliko wote, huyo hata umtoe majini hapo hapo amekufa, kamongo unamtupa mtumbwini anakaa mpaka nyumbani anakung'ata. Maji yakigeuka sisi tulikuwa tunajua, sangara wanakimbilia ufukweni wanaelea na watoto wanawaokota kwa mikono, furaha siku moja alaf wiki nzima mnatoka mikono mitupu.

Huyu kijana vizimba ameweka wapi? Kama ameviweka ndani ya kihori, yaani kighuba kidogo, kwenye maji mafupi penye matete na gugumaji basi hapo ndipo maji yanapolala. Sisi hata mitego hatukuwa tunatega humo baada ya mvua za kwanza.

Ja_Kisumu:

Niaje watu wa TZ, poleni. Mimi niko Kisumu na hii stori naijua sana, mwisho wa 2022 wafugaji wa vizimba hapa kwetu walipoteza ngege (ndio sato wenu) wengi sana kwa siku chache, wengine walikuwa na loan za benki. Watu walisema ni sumu, wakasema ni viwanda, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaja wakasema maji ya chini yamepanda, oksijeni iko chini. Na kabla ya hapo, mwisho wa 2020 kuingia 2021, Uganda mbuta (sangara) walielea Ziwa Victoria na Kyoga, serikali yao pia ilisema oksijeni.

Lakini angalieni kitu kimoja, hii ghuba yetu ya Winam ni mfuko. Maji ni mafupi, mlango wa kutokea ziwa kubwa ni mwembamba, na mito inaleta kila kitu kutoka mashamba ya miwa na miji. Kwaiyo upepo ukipiga ndio unafyatua lakini risasi tuliiweka sisi wenyewe. Upepo ulikuwa unapiga hata wakati wa babu zetu.

Na hiyo gugumaji babu ameitaja, mwaka 1998 hapa Winam lilifunika karibu hekta 17,000, maboti hayakuweza kutoka, na wale wadudu wa kulila walikuwa wameshaletwa. Chini ya lile zulia giza, mwani hauoti, hewa haiingii, ngege walipotea, lakini mumi (kambare) na kamongo walikuwa wengi mpaka bei ikashuka. Hapo ndio nilielewa kuwa uchafu hauui ziwa lote mara moja, unachagua nani abaki. Na alikuwa anabaki yule hatukuwa tunamtaka sokoni.

nyota_ya_Nyegezi:

Hapo kwa Ja_Kisumu kwenye "unachagua nani abaki" naomba niongezee, mimi nasoma mambo ya samaki na hii ndo mada inayoninyima usingizi. Wote mnaongelea samaki anayekufa. Kuna samaki wanaisha bila hata mmoja wao kufa kwa uchafu.

Furu mnawajua, wale wadogo tunaowachezea. Ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za furu, wengi hawapo popote pengine duniani. Mamia ya aina yalipotea miaka ya 80, lawama nyingi kapewa sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na 60, na kweli aliwala. Lakini kuna furu wa mawe mawe huku ghuba ya Mwanza, wa aina mbili wanaofanana kila kitu, dume la mmoja ni jekundu na njano na dume la mwingine ni la bluu. Yule mwekundu kisayansi anaitwa Pundamilia nyererei, ndiyo, amepewa jina la Mwalimu. Jike anachagua mume kwa rangi. Maji yakiwa meupe, mwekundu kwa mwekundu, bluu kwa bluu, watoto hawachanganyiki. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, jike anashindwa kutofautisha, wanaoana hovyo, na baada ya vizazi kadhaa unakuta furu mmoja wa kijivujivu badala ya aina mbili. Watafiti waliochapisha hilo mwaka 1997 walifanya kazi hapa hapa Mwanza, walikuta sehemu zenye maji machafu ndo zenye furu wa rangi zilizofubaa na aina chache.

Hakuna mzoga hapo. Hakuna kamati itaundwa. Na baadhi ya furu waliopotea ndo walikuwa wanakula mwani na tope la chini, kwaiyo tumepoteza wafagizi alaf tunashangaa nyumba inanuka.

Mama_Dagaa:

Nyie wasomi mmesahau swali la muhimu, hao samaki waliokufa wameenda wapi?? Maana mimi nipo sokoni, juzi juzi nimeona sato wa bei ya kutupa macho yamezama, nikauliza wametoka wapi mtu anakwepa kwepa. Waliokufa kwa kukosa hewa wanalika au hawaliki?

Mdau_wa_Maji:

Mama_Dagaa usinunue na usiuze. Hata kama ni hewa tu, hujui amekufa saa ngapi na joto letu hili anaharibika haraka sana. Pili, maji yale ya kijani kizito mara nyingi ni ule mwani wa bluu-kijani, baadhi yake unatengeneza sumu ya ini na kuchemsha hakuiondoi, inakaa zaidi kwenye ini na matumbo ya samaki. Ndo maana pia mifugo na watoto wasinywe maji ya ufukweni yakiwa na utando wa kijani. Wazikwe mbali na maji. Ukiwatupa ziwani umewalisha bakteria tena, umeongeza tatizo lilelile.

Sato_Mnene:

Aisee nashukuruni sana, sikutegemea haya yote. Mama_Dagaa hao siyo wangu, wetu tumefukia na chokaa watu wengine wakanuna eti tunatupa chakula.

Nimerudi leo kuangalia kama Mdau alivyosema. Konokono wapo hai kwenye mawe, vile vidudu vinavyokimbia juu ya maji vipo, na kuna kambare wawili walikuwa wamejiingiza chini ya kizimba wanakula mizoga wazima kabisa. Babu_Ngalawa umenipiga pabaya, ndiyo tumeviweka kihorini, tuliona pametulia hapana mawimbi, na chini pale maji ni mafupi kweli, chakula cha samaki kinachobaki kinadondoka hapo hapo miezi yote.

Ila kuna mfereji unaingia kile kihori kutoka juu na siku mvua ilivyonyesha maji yake yalikuwa na povu. Hilo sijaliacha. Sasa nifanyeje, nihamishe kwanza au nipime kwanza?

Mdau_wa_Maji:

Vyote, ila leo anza na kuacha kulisha, samaki anayehema ukimlisha anatumia oksijeni nyingi zaidi kumeng'enya na mabaki yanaoza. Punguza idadi kwenye kizimba, na uvisogeze nje ya kihori penye kina kirefu na mkondo, vikae mbali na sakafu.

Kupima, tafuta mtu mwenye kile kifaa cha kupima oksijeni, ofisi ya TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) Mwanza au ofisi ya maji ya bonde la ziwa wanavyo, na uwaombe waje kabla jua halijachomoza, wapime juu, katikati na chini. Wakija saa nne watakuta kila kitu safi watakuona msumbufu. Ule mfereji wa povu chukua maji mvua ikinyesha tu, siyo kesho yake, chupa safi ijae mpaka mdomoni pasibaki hewa, weka kwenye barafu, chukua sehemu mbili, juu ya pale mfereji unapoingilia na chini yake, andika saa na piga picha. Chupa moja peke yake haimbani mtu.

Ngurumo77:

Na nakala ya picha mpe mtu mwingine akutunzie. Sato ukipata majibu ya ule mfereji yalete hapa hapa, nimeshasubscribe.